Jeni, Bakteria wa Utumbo na Ukinzani wa Samaki: Somo la Trauti kwa Wafugaji wa Sato

Hotuba iliyotolewa Dar es Salaam mbele ya wafugaji wa samaki, wazalishaji wa vifaranga na wanafunzi wa ukuzaji viumbe maji

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wafugaji na wazalishaji wa vifaranga, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumze kuhusu magonjwa ya samaki, nami nimechagua kuanza na samaki ambaye sidhani kama yupo anayemfuga humu ndani, na ambaye akitiwa katika bwawa la Kigamboni au Bunju hatakaa muda mrefu kabla hajaelea. Huyo ni trauti, samaki wa maji baridi, jamaa wa samoni, ambaye asili yake ni mito inayomwaga maji katika Bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika ya Kaskazini na upande wa Kamchatka nchini Urusi. Afrika Mashariki aliletwa na wakoloni. Kenya alifikishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na huku kwetu akaachiliwa katika vijito vya milimani, Kilimanjaro ikiwamo, ili walowezi wapate mchezo wa kuvua kwa ndoana. Maji anayoyapenda ni ya nyuzi 10 hadi 16 hivi za Selsiasi, ilhali maji ya mabwawa yetu ya Pwani hushinda nyuzi 27 na kupanda. Nimemleta mbele yenu kwa sababu ni mmoja wa samaki wachache wa kufugwa ambao swali letu la leo limeulizwa kwao kwa utaratibu na kwa miaka mingi: kwa nini ugonjwa unapoingia bwawani samaki hawa hufa na wale hupona, hali maji ni yale yale na chakula ni kile kile?

Katika mazungumzo yetu ya kawaida swali hili hujibiwa kwa njia mbili. Wapo wanaosema ni mbegu, kwamba vifaranga wa kituo fulani ni wagumu na wa kituo fulani ni legelege. Wapo pia, na siku hizi wameongezeka, wanaosema ni tumbo, kwamba samaki mwenye bakteria wazuri utumboni hapatwi na maradhi, na kwa hiyo mfugaji anunue unga wa bakteria dukani, auchanganye na chakula, alale usingizi. Maoni yangu, ambayo nitayaeleza kwa kirefu, ni kwamba mbegu na tumbo vyote vina sehemu yake, lakini havirithiwi kwa njia moja, na sisi tumerukia cha pili kabla hata hatujaanza kukishughulikia cha kwanza.

Niwaonyeshe kwanza ugonjwa wenyewe. Unaitwa ugonjwa wa bakteria wa maji baridi, na kisababishi chake ni bakteria aitwaye Flavobacterium psychrophilum. Hujitokeza zaidi maji yanapokuwa chini ya nyuzi 16, na makali yake huzidi maji yanapokaribia nyuzi 10. Kwa vifaranga wachanga ambao ndio kwanza wamemaliza kiini cha yai na kuanza kula, unaweza kuua kabla mfugaji hajaona kidonda chochote: rangi huwa nyeusi, samaki hulegea na kujitenga pembeni, na ukimpasua unakuta bandama imevimba na matamvua yamepauka kwa kukosa damu. Kwa wakubwa kidogo, nyama ya shina la mkia huliwa polepole, ngozi kwanza, kisha msuli, hadi mifupa ya uti wa mgongo inaonekana kwa macho, na samaki bado anaogelea. Jambo linaloutia ugonjwa huu ugumu ni kwamba bakteria huyu anaweza kusafiri ndani ya yai, kwa hiyo kuosha mayai kwa dawa ya aidini, ambayo ndiyo desturi ya vituo vya vifaranga, husafisha ganda la nje na kumwacha aliyejificha ndani. Wafugaji wetu wa sato na kambale wanamjua ndugu yake wa maji ya moto, Flavobacterium columnare, yule anayeacha baka jeupe lenye kingo za njano mgongoni na kuozesha mapezi.

Kwa miongo mingi silaha ya mfugaji wa trauti ilikuwa antibayotiki iliyochanganywa na chakula, oksitetrasaiklini kwa mfano, au florfenikoli. Dawa hizo husaidia pale samaki wanapokuwa bado wanakula. Samaki aliyekwisha kuugua hali, na asiyekula hapati dawa, kwa hiyo dozi kubwa huishia kwa wazima na sehemu nyingine huzama chini ya bwawa, ambako bakteria wa matope hujifunza usugu kwa raha zao. Nchi ya Norway, kwa samaki wake aina ya samoni, ilitumia takribani tani 50 za antibayotiki mwaka 1987. Baada ya chanjo zenye mafuta kuenea, na usimamizi wa maeneo ya vizimba kurekebishwa, matumizi yakashuka hadi chini ya tani 1 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, ingawa samaki wanaozalishwa wameongezeka mara nyingi. Samoni hao, hata hivyo, huchanjwa kwa sindano mmoja mmoja wakiwa wamekwisha kukua kiasi. Kifaranga wa trauti wa chini ya gramu moja hashikiki kwa sindano ya namna hiyo, na kinga yake ya mwili haijakomaa kiasi cha kuikumbuka chanjo. Hapo ndipo watu walipoanza kuangalia ukoo.

Mwaka 2005, kituo cha utafiti wa samaki wa maji baridi cha Idara ya Kilimo ya Marekani, kilichoko Leetown katika jimbo la West Virginia, kilianza kuchagua wazazi wa trauti kwa kigezo cha kuhimili ugonjwa huu. Utaratibu wake ni wa kueleweka, na naomba wazalishaji wa vifaranga waufuate kwa makini, kwa sababu hakuna hatua ndani yake ambayo ni ya ajabu. Jike moja huzalishwa na dume moja, na watoto wao hukuzwa katika chombo chao peke yao ili wasichanganyike na watoto wa wengine. Hiyo ndiyo familia. Familia nyingi hukuzwa hivyo kwa pamoja. Vifaranga wakifika umri unaofaa, sehemu ya kila familia huchukuliwa na kudungwa bakteria wa ugonjwa, kipimo sawa kwa kila mmoja, kisha vifo huhesabiwa kila siku kwa siku 21. Familia ambazo watoto wengi wamebaki hai huhesabiwa kuwa kinzani, na ndugu zao ambao hawakuambukizwa, waliotengwa mahali safi, ndio hukuzwa kuwa wazazi wa kizazi kinachofuata. Kazi hurudiwa kizazi baada ya kizazi. Pembeni yake huhifadhiwa ukoo mwingine uliochaguliwa kwa udhaifu, na wa tatu usiochaguliwa kwa lolote, ili pawepo na kitu cha kulinganisha.

Matokeo ya mwanzo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba ukinzani huo unarithiwa kwa kiwango cha wastani, na kwamba haukinzani na ukuaji. Hilo la pili ndilo lililowapa moyo wafugaji, kwa sababu hofu ya kila mtu ilikuwa kwamba samaki mgumu atakuwa samaki mdogo. Mwaka mmoja kabla yake watafiti hao walikuwa wameona jambo jingine la kuvutia: familia zenye bandama kubwa kulingana na uzito wa mwili zilielekea kuhimili ugonjwa kuliko zenye bandama ndogo. Bandama kwa samaki ni ghala la seli za kinga na pia ni chujio la damu, kwa hiyo uhusiano huo una mantiki. Baadaye ukoo kinzani ulipopelekwa katika mashamba ambako ugonjwa huingia wenyewe bila sindano ya mtu, ulipata vifo vichache kuliko samaki waliolinganishwa nao.

Utaratibu huo una kasoro moja ya ndani. Mzazi mtarajiwa mwenyewe hawezi kuambukizwa, maana hakuna mzalishaji atakayekubali kuingiza ugonjwa katika bwawa la samaki wazazi. Kinachopimwa ni ndugu zake. Kwa hiyo familia ikifanya vizuri, kila mtoto wake hupewa thamani ile ile, sawa na mwalimu anayewapa watoto wote wa nyumba moja alama moja kwa sababu kaka yao alifaulu. Sisi sote tunajua kwamba watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawarithi vitu vile vile. Ili kuitenganisha familia ndani kwa ndani, inabidi kusoma vinasaba vya kila samaki. Jenomu ya trauti, yaani jumla ya vinasaba vyake vyote, ilichapishwa mwaka 2014, na haraka baada yake kikapatikana kifaa cha kupima alama za vinasaba zipatazo 57,000 katika samaki mmoja kwa mkupuo. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba kutumia alama hizo kunafanya makadirio ya thamani ya mzazi yawe sahihi takribani mara mbili ya makadirio yanayotegemea kumbukumbu za ukoo peke yake. Kwa lugha ya biashara, kizazi kimoja kinaweza kufanya kazi iliyokuwa inahitaji viwili, na kwa samaki anayechukua miaka miwili au zaidi kukomaa, hiyo ni akiba kubwa.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasiitafute jeni yenyewe ya ukinzani, wakaishika, wakamaliza? Kwa ugonjwa wa samoni uitwao IPN, unaosababishwa na virusi vinavyoharibu kongosho, ilitokea karibu hivyo. Katika miaka ya 2008 na 2009 makundi mawili ya watafiti, moja la Uskoti na jingine la Norway, yalikuta kwamba sehemu kubwa mno ya tofauti ya kurithi katika kuhimili virusi hivyo inatoka mahali pamoja tu, kwenye kromosomu ya 26. Wazalishaji wa mayai wakaanza kuchagua wazazi kwa alama ya mahali hapo, na milipuko ya IPN nchini Norway ikapungua sana. Bahati ya namna hiyo ni adimu. Kwa ugonjwa wa maji baridi wa trauti, ukinzani umetawanyika: yapo maeneo kadhaa yenye mchango mkubwa kiasi, hasa katika kromosomu ya 3, ya 8 na ya 25, na nyuma yake kuna maeneo mengi yenye mchango mdogo mdogo. Anayewaahidi jeni moja ya kutibu kila kitu anauza kitu ambacho trauti hakuwa nacho.

Sasa niingie tumboni.

Samaki anapoanguliwa, utumbo wake hauna wakazi. Bakteria wa kwanza huingia pamoja na maji anayoyameza na chakula chake cha kwanza, na kuanzia hapo jamii hujengeka. Kuwajua wote kwa kuwaotesha maabara haiwezekani, kwa kuwa wengi wao hawaoti katika sahani zetu, kwa hiyo mtafiti hukata kipande cha utumbo wa kati, huchukua vinasaba vyote vilivyomo, na husoma jeni moja ambayo kila bakteria anayo, iitwayo 16S, inayotofautiana kidogo kutoka jamii hadi jamii. Kila tofauti humwambia kuna nani na kwa wingi gani. Kwa jamii ya samoni na trauti, jina linalojirudia mno ni Mycoplasma, bakteria mdogo asiye na ukuta wa seli, ambaye madaktari wa binadamu na wa mbuzi wanamjua kwa ubaya, lakini ambaye ndani ya trauti anaishi kwa amani na mara nyingi ndiye mwenye nyumba.

Mwaka 2019 zilichapishwa takwimu ambazo kwangu ndizo kiini cha hotuba hii. Watafiti waliwachukua trauti wachanga, wenye uzito wa wastani wa gramu 118, kutoka ukoo kinzani na ukoo dhaifu wa kile kituo cha West Virginia, wakapima bakteria wa utumbo wa kati na wa matamvua. Kwenye matamvua hakukuwa na tofauti ya maana ya wingi wa aina za bakteria. Koo zote mbili zilifanana. Kwenye utumbo tofauti ilikuwapo, na ilikuwa kinyume na watu wengi wangalivyobashiri: ukoo dhaifu ndio uliokuwa na aina nyingi zaidi za bakteria, na ukoo kinzani ulikuwa na aina chache. Mycoplasma ndiye aliyetawala katika makundi yote mawili, lakini katika ukoo dhaifu alikuwa amepungua, na nafasi yake ilikaliwa na wengine, miongoni mwao Brevinema andersonii, bakteria wa umbo la hesi ambaye anashukiwa kuwa mviziaji, yaani asiyedhuru samaki mwenye nguvu na anayeshambulia aliyedhoofika.

Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu matangazo mengi ya virutubisho vya samaki, kama yalivyo ya binadamu, yanajengwa juu ya dai kwamba aina nyingi za bakteria utumboni ni afya na aina chache ni ugonjwa. Dai hilo lina ukweli katika mazingira fulani. Katika trauti hawa halikusimama. Utumbo wenye mkazi mmoja aliyeshika nafasi karibu zote huenda ni utumbo uliofungwa vizuri dhidi ya wageni, na utumbo wenye umati wa kila namna huenda ni nyumba ambayo mlango wake haufungi. Nasema huenda kwa makusudi, kwani kipimo kile kilikuwa cha kutazama nani yupo, na kutazama peke yake hakuthibitishi nani amesababisha nini. Inawezekana jeni za ukinzani zinatengeneza utumbo unaompendelea Mycoplasma, na Mycoplasma akasaidia ulinzi. Inawezekana jeni hizo zinafanya kazi katika damu na bandama tu, na mabadiliko ya utumboni yakawa ni chengachenga za uchaguzi. Inawezekana pia kwamba katika kuchagua familia chache kizazi baada ya kizazi, koo hizo mbili zilitofautiana katika mambo mengine yasiyohusiana na ugonjwa, na bakteria wakafuata mambo hayo.

Kuna sababu moja inayonifanya niegemee upande wa tahadhari. Kumbukeni kwamba familia zilichaguliwa kwa sindano. Bakteria alidungwa ndani ya uvungu wa tumbo, akavuka ngozi, ute, matamvua na utumbo bila kupambana na chochote kati ya hivyo. Samaki aliyepona alipona kwa nguvu za ndani: seli za kinga, damu, bandama. Kizuizi cha utumbo hakikupewa mtihani. Kama ungetaka kuchagua samaki kwa ajili ya ubora wa jamii ya bakteria wake wa utumboni, ungewaambukiza kwa maji au kwa chakula, jambo ambalo kwa ugonjwa huu ni gumu kulifanya kwa kipimo kinacholingana. Kwa hiyo tofauti iliyoonekana utumboni ilijitokeza bila kuitwa, na kwa sababu hiyo hiyo inasisimua na inatia shaka.

Kwamba mwili wa mnyama unaweza kuchagua wakazi wake, hilo halina ubishi tena. Mwaka 2006 ilichapishwa kazi iliyofanywa kwa samaki mdogo wa maabara aitwaye samaki pundamilia na kwa panya, wote wakiwa wamekuzwa bila bakteria hata mmoja. Samaki walipewa bakteria wa panya, na panya wakapewa bakteria wa samaki. Baada ya muda, jamii ya bakteria ndani ya samaki ilianza kufanana na ile ya kawaida ya samaki katika uwiano wa makundi yake, na ndani ya panya ikaelekea kule kwa panya, ingawa malighafi ilikuwa ya mgeni. Mwili ulikuwa umepanga upya. Kwa trauti tunajua hata chombo kimoja kinachotumika: kingamwili iitwayo IgT, ambayo ilielezwa mwaka 2005, na mwaka 2010 ikaonyeshwa kwamba kazi yake kubwa ni utumboni, ambako huwafunika bakteria na kuwaweka mahali pao. Jeni zinazoamua kiasi cha kingamwili hiyo, unene wa ute na kasi ya chakula kupita ndizo zinazoandika, kwa mkono wa mbali, orodha ya wapangaji.

Chakula nacho kina kalamu yake. Trauti ni mla nyama, na unga wa soya ukizidi katika chakula chake, sehemu ya mwisho ya utumbo huvimba na bakteria hubadilika. Huko Idaho, ambako ndiko hutoka trauti wengi wa kufugwa nchini Marekani, umejengwa kwa uchaguzi wa vizazi ukoo unaokula chakula cha mimea na kukua bila uvimbe huo. Tena huko huko Idaho, bakteria wa jamii ya Enterobacter alitengwa kutoka utumboni mwa trauti, akakutwa anatoa sumu inayomzuia bakteria wa ugonjwa wa maji baridi, na samaki waliolishwa bakteria huyo walipoambukizwa walipona kwa wingi zaidi. Mimi si mpinzani wa bakteria wa kulisha, na nataja mfano huu ili isemwe wazi kwamba wapo wanaofanya kazi. Angalieni lakini alivyopatikana: alitoka ndani ya samaki yule yule, alipimwa dhidi ya ugonjwa ule ule, na utaratibu wa sumu yake ukafuatiliwa hadi ukajulikana. Pakiti nyingi zinazouzwa kwa wafugaji wetu zina bakteria ambao hawakutoka kwa sato, hawakupimwa dhidi ya ugonjwa wowote wa sato, na zimekaa dukani kwenye joto ambalo sitashangaa likiwa limewaua wote kabla mfuko haujafunguliwa.

Nimtaje sasa sato mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyewaleta hapa. Utumbo wake ni mrefu na wa mla majani, wala usitegemee kumkuta Mycoplasma ametawala humo. Mwenyeji anayejulikana zaidi kwake ni Cetobacterium, anayetengeneza vitamini B12, na ndiyo maana sato hahitaji kuongezewa vitamini hiyo katika chakula ilhali samaki wengine huihitaji. Kumpa antibayotiki ovyo ni kumgusa mkazi huyo pia. Mtu asichukue matokeo ya trauti na kuyamimina kwa sato kama yalivyo. Kinachohamishika ni swali na utaratibu wa kulijibu.

Kwa upande wa jeni, sato tayari ana historia, na historia hiyo inatuhusu sana. Mwaka 1988, taasisi ambayo leo inaitwa WorldFish ilianzisha huko Ufilipino mpango wa kuboresha sato, kwa kukusanya samaki wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegali, kuwachanganya na waliokuwa wakifugwa Asia, na kuchagua familia zinazokua haraka. Utaalamu ulitoka Norway, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamekusanya samoni kutoka mito ipatayo 40 na kufanya kazi hiyo hiyo. Damu ya Afrika ikaenda kutajirisha mabwawa ya Asia, na wengi wetu huku bado tunazalisha kutoka kwa wazazi ambao hatujui babu zao.

Mwaka 2014 vilielezwa kwa mara ya kwanza virusi vipya vya sato, vilivyoitwa virusi vya ziwa vya tilapia, na mwaka 2018 ikaripotiwa kwamba vinasaba vyake vimekutwa katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na upande wa Uganda. Mlipuko wa virusi hivyo ulipoingia katika samaki wa mpango wa WorldFish nchini Malaysia, zilikuwapo familia ambazo watoto wao wote walikufa na familia ambazo hakufa hata mmoja, katika bwawa lile lile. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kunusurika kwao kulirithiwa kwa kiwango kikubwa, na sehemu kubwa ya tofauti ikaonekana kwenye kromosomu ya 22. Jambo hilo liliwezekana kujulikana kwa sababu kila samaki alikuwa na kumbukumbu ya baba na mama. Mlipuko kama huo ukitokea kesho katika vizimba vya Mwanza au mabwawa ya Chanika, tutahesabu maiti, tutafukia, tutaagiza vifaranga wengine, na hatutajua chochote kuhusu wale walionusurika, ambao pengine tutawauza Feri wiki inayofuata pamoja na jeni zao.

Kwa mfugaji wa kawaida anayenunua vifaranga wa madume tupu, kuchagua wazazi si kazi yake wala hawezi kuifanya. Ameuziwa samaki wasio na majike. Mzigo uko kwa wazalishaji wa vifaranga na kwa vituo vya umma kama Kingolwira, na kwa sisi wa vyuo. Nimeona vituo ambako mfugaji akihitaji wazazi wapya hurudi kwenye bwawa lake mwenyewe na kutoa waliokua wakubwa, ambao ni ndugu, kisha watoto wao nao wakazalishwa wenyewe kwa wenyewe. Baada ya vizazi vichache vifaranga hudhoofika, mwenye kituo hulaumu maji, na muuzaji wa pakiti za bakteria hupata mteja. Upo pia upande wa pili wa hatari hiyo, wa kuingiza sato wa kigeni kila mahali kwa kuwa ni bora. Mito ya Wami na Rufiji ina perege wake wa asili, Oreochromis urolepis, anayezaana na sato kwa urahisi wakikutana, na jeni zake, ambazo zimezoea joto na chumvi ya Pwani hii kwa maelfu ya miaka, zikishachanganyika hazichambuliki tena. Kama ukinzani dhidi ya magonjwa ya maji ya moto umejificha mahali, mimi ningeanza kuutafuta huko.

Kuanza hakuhitaji kifaa cha alama 57,000. Kunahitaji vizimba vidogo vya chandarua, vile viitwavyo hapa, vyenye familia zilizotenganishwa, alama kwa kila samaki mzazi, daftari, na kipande cha pezi kutoka kwa kila mzazi na, vifo vinapotokea, kutoka kwa waliokufa na waliobaki. Kipande kiwe na ukubwa wa punje ya mchele, kikatwe kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti kati ya samaki na samaki, kiingizwe katika kichupa chenye spiriti safi ya asilimia 95, kila samaki na kichupa chake. Kikikaa mbali na jua, vinasaba vyake vitasomeka hata baada ya miaka. Anayetaka bakteria wa utumbo wachunguzwe pia awahi kabla samaki hajaoza, maana saa chache baada ya kifo utumbo huwa umejaa wageni, na majibu yatakayotoka hayatakuwa ya samaki aliyekuwa hai. Chuoni tunavipokea vichupa hivyo. Namba ya samaki, tarehe na bwawa viandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu inayotumbukizwa ndani ya kichupa chenyewe, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na kichupa kisicho na jina hatuwezi kukitumia.